Tanuri la sindano: kufaulu majaribio hakutoshi

Sisi waandika programu tuna usemi wetu: "kwangu inafanya kazi." Historia ya matanuri ya kuchomea taka za hospitali hapa Kenya inanikumbusha usemi huo.

Juni 2002, Kenya ilichanja watoto zaidi ya milioni 13 dhidi ya surua. Kila sindano iliyotumika ikawa taka hatari. Kwa ajili ya kampeni hiyo yalijengwa matanuri ya De Montfort, yaliyobuniwa na Profesa Jim Picken wa chuo kikuu chenye jina hilo mjini Leicester, Uingereza. Ni ya matofali, bei nafuu, hayahitaji umeme, na yana vyumba viwili: kimoja huchoma taka, cha pili huunguza moshi wenyewe.

Lakini chumba cha pili hufanya kazi kikiwa na joto kali tu. Lazima kuni ziwake kwanza, kisha taka ziingizwe kidogo kidogo. Ukiharakisha, unatoka moshi mweusi wenye dioksini, sumu inayosababisha saratani. Tathmini ya Stuart Batterman kwa WHO, mwaka 2004, ilieleza jinsi uendeshaji mbaya unavyoongeza sumu hiyo. Mwaka huo huo Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm, unaotaka dioksini ipunguzwe.

Kwa hiyo, majirani zangu wa Bahati, zahanati yenu ikijengewa tanuri, msiridhike kusikia limefaulu majaribio. Ulizeni nani ataliendesha, amefundishwa wapi, na kuni zitanunuliwa na nani. Watoto wenu ndio watakaovuta moshi huo.