Kikanyagio cha Bafuni katika Ukanda wa Pamba na Almasi: Historia ya Kitu Kidogo Maganzo

Maganzo ni mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, uliokua kando ya barabara iendayo Mwanza na jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, na historia yake huandikwa kwa kawaida kupitia mawe ya thamani, wanunuzi wake na wachimbaji wadogo wanaochekecha changarawe wakiyatafuta. Yapo hata hivyo mambo ya uchumi wa nyumba ambayo historia hiyo ya almasi huyapita, na mojawapo ni kikanyagio cha bafuni, yaani kipande cha kitambaa, mkeka au zulia dogo linalotandikwa mlangoni mwa bafu ili anayetoka kuoga akaushe nyayo zake. Mji huu umo ndani ya eneo linalolima pamba na kupanda mkonge, nyuzi mbili zinazofaa mno kwa kazi hiyo, lakini nyumba zake kwa sehemu kubwa zimekanyaga vitu vilivyotengenezwa mbali, mara nyingi baada ya kutumiwa kwanza na watu wengine kwa kazi nyingine.

Kikanyagio hakina maana mahali ambapo sakafu yenyewe hunywa maji. Katika makazi ya zamani ya Wasukuma, watu walioga uani, nyuma ya ukingo wa mabua au matete, wakisimama juu ya jiwe bapa au moja kwa moja ardhini, na maji machache yaliyoletwa kwa mitungi kutoka kisimani au lamboni yalizama mchangani kabla mtu hajafika mlangoni. Ngozi ya ng'ombe, ambayo ndiyo iliyokuwa tandiko kuu la nyumba ya mfugaji, ilikuwa ya kulalia na kukalia. Kuilowesha kila siku kungekuwa kuiozesha, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeipeleka bafuni. Pwani, ambako nyumba za mawe zilikuwa na sakafu ya chokaa tangu zama za miji ya Waswahili, tatizo la sakafu yenye maji lilijitokeza mapema zaidi, ila lilitatuliwa kwa njia nyingine: mtu alivaa mtalawanda, yaani kiatu cha mbao kinachouinua unyayo juu ya maji, na katika misikiti ya kale kama ule wa Gedi, karibu na Malindi, yaliwekwa mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu penye birika la kutawadhia. Mkeka wa ukindu, pamoja na msala wa kuswalia, ulikuwa kitu cha mahali pakavu na safi, na kuukanyaga kwa miguu yenye maji kulihesabiwa kuwa ni kuuharibu.

Kwa hiyo kikanyagio cha bafuni ni mtoto wa saruji, na saruji ilifika katika eneo la Maganzo pamoja na almasi. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Thorburn Williamson, aligundua huko Mwadui mwamba wa kimbaliti, ambao ni mwamba wa volkeno unaobeba almasi kutoka vilindi vya ardhi, wenye eneo la takriban hekta 146 juu ya uso wa nchi. Katika miaka iliyofuata pakajengwa mji wa kampuni wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule na mfumo wake wa maji, wote ukiwa ndani ya uzio na malango yaliyolindwa. Ulimwengu unaikumbuka Mwadui kwa almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947 na kupewa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, kama zawadi ya harusi yake; kwa historia ya nyumba za Shinyanga, hata hivyo, mabomba na sakafu za saruji za mji ule vina uzito zaidi kuliko jiwe lile, kwa sababu vilionyesha kwa karibu namna ya kuoga ndani ya nyumba ambayo nje ya uzio ilikuwa bado ya watu wachache sana.

Kitambaa kilichofungamana na namna hiyo ya kuoga ni kile cha taulo, yaani kitambaa cha pamba ambacho uzi wake wa ziada huachwa ukitokeza juu kwa vitanzi vidogo badala ya kukazwa ndani ya mfumo. Ufumaji huo ulikuwa wa mikono nchini Uturuki, ambako Mwingereza Henry Christy aliuona, na kampuni ya familia yake ikatengeneza mashine ya kuuiga kufikia mwaka 1850 na kuonyesha taulo zake katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Siri yake ni rahisi: unyuzi wa pamba una tundu katikati na hupenda maji, na vitanzi huongeza eneo linaloyagusa mara nyingi kuliko kitambaa bapa. Kikanyagio cha bafuni cha aina hii ni taulo lililofumwa kwa uzi mnene na vitanzi vingi, na uzito wake, unaopimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, huwa mkubwa kuliko wa taulo la mwilini.

Pamba ya kutengenezea kitambaa hicho ilikuwa tele Usukumani. Wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walijenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mojawapo ya mashirika makubwa ya aina hiyo barani Afrika wakati huo, na baada ya uhuru vilijengwa viwanda vya nguo kama Mwatex jijini Mwanza na Urafiki jijini Dar es Salaam, hiki cha pili kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Hata hivyo viwanda hivyo vilielekezwa zaidi kwenye khanga, vitenge na shuka, mahitaji ya kwanza ya wananchi walio wengi, na sehemu kubwa ya pamba ya Shinyanga iliendelea kusafirishwa nje ikiwa nyuzi zilizotolewa mbegu tu. Mkulima wa Kishapu aliyeuza pamba yake kwa ushirika hakuwa na duka la karibu ambamo pamba ile ile ingemrudia ikiwa kikanyagio.

Kilichomrudia ni gunia. Magunia ya juti yaliyofumwa kutoka kwa nyuzi za Bengali yalifika kwa wingi pamoja na biashara ya mazao, na gunia lililochakaa kwa kazi ya kubebea lilipata maisha ya pili mlangoni mwa nyumba na mlangoni mwa bafu, likikunjwa mara mbili au nne. Kwa udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba na kunata wakati wa masika na ambao umeenea katika sehemu kubwa ya Kishapu, gunia lilikuwa kifaa bora kuliko taulo: mfumo wake mpana hukwangua tope. Udhaifu wake ni kwamba juti huoza haraka ikikaa na unyevu, na gunia la bafuni lisiloanikwa huanza kunuka na kuchanika. Lakini halikuwa na bei, na hilo lilimaliza mjadala.

Mkonge nao ulikuwa karibu zaidi ya pamba, kwani ulioteshwa kuwa ua wa mashamba na maboma. Mmea huo ulioletwa Afrika Mashariki na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwa vichipukizi kutoka Florida ambavyo 62 tu ndivyo vilivyofika vikiwa hai, ulikuwa zao la mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, ila Usukumani ulikuwa ua. Bei ya dunia ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Vita vya Korea, wakulima wa huko walivuna ua zao na kuuza katani, yaani nyuzi zinazobaki baada ya jani kukwanguliwa nyama yake. Katani ni ngumu, hunyonya maji kiasi na husugua unyayo vizuri, na ingeweza kuanzisha ufundi wa vikanyagio wa eneo hili. Badala yake ilisokotwa kamba za kufungia mifugo, na zilipokuja kamba za plastiki katika miaka ya 1960 na 1970 bei yake ikaporomoka. Ni vigumu kutoiona hapo nafasi iliyopotea.

Bafu na choo vilienea vijijini kwa msukumo wa serikali. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wazima takriban milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, ilihimiza kila kaya ichimbe choo, na Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikazikusanya kaya za Shinyanga katika vijiji vilivyopangwa. Kisha ukaja uhaba: baada ya vita dhidi ya Idi Amin ya 1978 na 1979, sabuni, nguo na taulo viliadimika madukani, na khanga kuukuu ilipitia ngazi zote za matumizi, kutoka vazi hadi nepi hadi tambara la kukanyagia, bila kutupwa hata kipande.

Mlango ulifunguliwa kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na ukapanuliwa chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Mitumba, yaani nguo zilizovaliwa zinazoingia zikiwa zimefungwa kwa marobota, ilileta taulo za pamba nzito kutoka Ulaya na Amerika, na baadhi yake zilikuwa vikanyagio halisi vya bafuni. Kwa bei ya kitambaa chembamba kipya, familia ya Maganzo ingeweza kupata pamba nene iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, jambo ambalo kwa taulo ni sifa, maana ufuaji huondoa mafuta ya kiwandani yanayozuia maji kuingia.

Katika ukanda huu wa migodi, kitambaa chenye manyoya au vitanzi kina kazi nyingine. Kutoka Geita hadi Kahama, wachimbaji wadogo wa dhahabu huosha mchanga uliosagwa kwenye mwalo, yaani mfereji wa mbao ulioinamishwa na kutandikwa kapeti, blanketi au gunia la katani. Maji huuchukua mchanga mwepesi, na dhahabu iliyo nzito hunaswa katika nyuzi, kisha kitambaa hukung'utwa ndani ya beseni. Mnunuzi aliyewahi kufanya kazi mwaloni anajua kwa vidole vyake kwamba nyuzi fupi zilizosimama wima hunasa, na zilizolala huachia, na huo ndio ujuzi unaotakiwa mbele ya meza ya mazulia ya bafuni.

Meza hizo zimeongezeka tangu mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama uzinduliwe mwaka 2009, na tangu vigae vya sakafu, ambavyo huteleza kuliko saruji vikipata maji, vianze kuingia katika nyumba mpya. Bidhaa inayotawala ni zulia la poliesta kutoka China, lenye manyoya laini ya rangi kali juu na utando wa mpira chini. Unyuzi wa poliesta wenyewe haunywi maji. Maji hukaa katikati ya nyuzi, hivyo zulia lenye nyuzi nyembamba zilizosongamana hukausha mguu, na lile la nyuzi chache ndefu husambaza unyevu tu. Mnunuzi mwangalifu hulikunja zulia aone kama kitambaa cha chini kinaonekana kati ya manyoya, kwa kuwa mwanya huo ndio utakaopitisha maji, na huvuta manyoya machache kujua kama yameshonwa au yamebandikwa tu.

Utando wa chini ndio unaoamua umri wa zulia. Mpira wa kunyunyizwa huzuia kuteleza siku za mwanzo, lakini hauvumilii jua, na Shinyanga karibu kila kitu huanikwa juani, kwa hiyo baada ya miezi kadhaa hukauka, hupasuka na kuacha unga mweupe kwenye vigae, na kuanzia hapo zulia ni hatari kuliko sakafu tupu. Zulia la namna hiyo lafaa kuanikwa kivulini, mgongo ukiwa chini. Taulo zito la pamba lisilo na utando huanikwa juani bila hasara na hukauka kabla ya jioni, ila huteleza juu ya kigae, na ndiyo maana familia nyingine hupeleka taulo la mtumba kwa fundi cherehani likatwe mara mbili, lishonewe pindo, na nyuma yake pawekwe kipande cha gunia ili lishike sakafu.