Yevgeny Schwartz na joka lililowatisha wakubwa

Mwaka 1929 ukumbi wa maonyesho ya watoto na vijana mjini Leningrad uliigiza mchezo uitwao 'Underwood', kisa cha mashine ya kupiga chapa inayoibwa na msichana mdogo anayewaumbua wezi. Mtunzi wake, Yevgeny Schwartz, aliyezaliwa Kazan mwaka 1896, alikuwa amekwisha kuwa mwigizaji, kisha akafanya kazi katika idara ya vitabu vya watoto ya shirika la uchapishaji la serikali.

Katika Muungano wa Kisovieti wa enzi ya Stalin, kuwaandikia watoto kulikuwa kimbilio kwa waandishi ambao kazi zao nyingine zilitiliwa shaka. Kimbilio hilo halikudumu. Mwaka 1937 idara hiyo ilisambaratishwa, na rafiki yake, mshairi Nikolai Oleinikov, akakamatwa na kupigwa risasi.

Schwartz alishikilia ngano. Alichukua visa vya Hans Christian Andersen wa Denmark, akawapa wafalme na mawaziri wake ndimi za majirani wa mtaani. 'Malkia wa Theluji' ulipokelewa vyema mwaka 1939. 'Mfalme Uchi', alioutunga mwaka 1934, haukuigizwa hata mara moja katika uhai wake.

Lakini mchezo uliomponza zaidi ni 'Joka', alioukamilisha wakati wa vita, baada ya kuhamishwa kutoka Leningrad iliyozingirwa. Joka lenye vichwa vitatu limeutawala mji kwa miaka 400, na kila mwaka hupelekewa msichana. Anapofika shujaa Lancelot kuwakomboa, wenyeji hawamshangilii. Wamezoea, tena, wanasema, joka lao huwakinga na majoka mengine. Linapouawa, meya aliyekuwa kibaraka wake anajitangaza kuwa ndiye aliyeliua, na watu walewale wanampigia makofi. Hapo ndipo penye uchungu wa mchezo huu, kwani upanga hautoshi.

Ilikuwa rahisi kusema kwamba joka ni Hitler. Wakuu wa Moscow, yaelekea, waliona na sura nyingine: mwaka 1944, mara tu baada ya kuonyeshwa, mchezo ulipigwa marufuku.

Schwartz aliendelea kuandika, ikiwemo filamu ya 'Cinderella' ya mwaka 1947, iliyopendwa mno. Alifariki dunia Leningrad, Januari 1958. Miaka minne baadaye Nikolai Akimov, mwongozaji yuleyule aliyezuiwa mwaka 1944, alilirudisha 'Joka' jukwaani.