Jinsi plastiki ilivyoingia kwenye maboksi ya vichezeo, na nani wanaoitoa

Juni 2011, wanaharakati wa shirika la mazingira la Greenpeace walitundika bango kubwa kwenye makao makuu ya kampuni ya vichezeo ya Mattel huko El Segundo, California. Bango lilimwonyesha mdoli Ken akitangaza kumwacha mchumba wake, mdoli Barbie, kwa kuwa anashiriki kuteketeza misitu. Greenpeace ilidai kuwa baadhi ya maboksi ya Barbie yalitokana na miti ya misitu ya mvua ya Indonesia. Oktoba mwaka huohuo, Mattel ikatoa sera mpya ya ununuzi wa karatasi, ikiahidi kutumia zaidi karatasi zilizorejelezwa.

Hiyo ilikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni plastiki, na yenyewe haikuwapo tangu mwanzo. Udongo wa kuchezea wa Play-Doh, ulioingia sokoni 1956, uliuzwa kwenye makopo ya karatasi ngumu. Kopo la plastiki lilikuja 1986. Kufikia wakati huo maduka ya kujihudumia yalikuwa yameenea. Muuzaji wa kumfungulia mteja boksi hakuwapo tena, hivyo kichezeo kilitakiwa kijinadi chenyewe rafuni. Hata kabla ya kopo hilo, sanamu za filamu ya Star Wars za kampuni ya Kenner, zilizotoka 1978, zilining'inizwa dukani zikiwa ndani ya ganda la plastiki lililogandishwa kwa gundi kwenye kadi.

Gundi hiyo ndiyo kikwazo cha urejelezaji. Kiwanda cha karatasi kinahitaji karatasi tupu, na cha plastiki kinahitaji plastiki ya aina moja. Boksi lenye dirisha la plastiki na waya za kumfungia mdoli linahitaji kwanza mtu wa kulichambua. Asipopatikana, linaishia dampo.

Kampuni ya Hasbro ilianza kuachana na waya hizo 2010, ikaondoa plastiki aina ya PVC kwenye vifungashio 2013, na Agosti 2019 ikaahidi kuondoa karibu plastiki yote kwenye vifungashio vya bidhaa mpya ifikapo mwisho wa 2022. LEGO ya Denmark ilitangaza Septemba 2020 kuwa mifuko ya plastiki iliyo ndani ya maboksi yake itabadilishwa kuwa ya karatasi. Miongoni mwa waliodai hivyo ni watoto, walioiandikia kampuni barua.

Hata hivyo, 2023 Hasbro ilirudisha madirisha kwenye baadhi ya sanamu zake, safari hii kwa plastiki iliyorejelezwa au itokanayo na mimea. Wakusanyaji, ambao wengi wao ni watu wazima, walitaka kuona sanamu kabla ya kununua.

Katika kila hatua, kampuni zimemfuata aliyepaza sauti. Mtoto hana haja na dirisha; akifika nyumbani analirarua boksi lote. Basi sisi tunaomnunulia tuchague boksi la karatasi tupu, na tumwambie mwenye duka kwa nini tumeliacha lile jingine.