Sola au upepo: Kipi hurejesha fedha za mwenye nyumba mapema?

MWENYE nyumba anayetaka kupunguza gharama ya stima aghalabu hujipata katika njia panda: anunue paneli za sola au asimamishe mtambo wa upepo? Katika sehemu nyingi za Kenya, hesabu huegemea jua.

Chukua mfano wa paneli zenye uwezo wa kilowati moja. Nchi hii imepitiwa na ikweta, na maeneo mengi hupata jua linalolingana na saa tano hivi za mwanga mkali kila siku. Ukiondoa kinachopotea kwa joto, vumbi na nyaya, paneli hizo hutoa takriban yuniti nne kwa siku, yaani yuniti 1,400 na ushei kwa mwaka. Iwapo yuniti moja hununuliwa kwa Sh25, mwenye nyumba huokoa Sh35,000. Ikiwa alitumia Sh150,000 kununua na kufunga vifaa, fedha zake hurudi baada ya miaka minne na miezi michache, ilhali paneli hudumu miaka 25 hivi.

Upepo hauna ukarimu huo. Kasi yake ikipungua kwa nusu, kawi iliyomo husalia sehemu moja kwa nane tu. Hapa ndipo wanunuzi wengi hughilibika, kwani kilowati moja inayoandikwa kwenye mtambo aghalabu hupimwa kwa upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde, upepo wa kumpokonya mtu mwavuli. Mahali penye wastani wa mita nne, mtambo huo wenye mapanga ya kipenyo cha mita mbili hutoa yuniti 400 hivi kwa mwaka, thamani yake Sh10,000. Hata ukinunuliwa kwa bei ile ile ya sola, miaka 15 itapita kabla ya fedha kurudi, na hapo hajalipwa fundi wa kupanda mlingoti kubadilisha beringi. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi hupunguza mavuno zaidi, kwa takriban asilimia 15.

Wapo watakaotaja mitambo ya KenGen katika vilima vya Ngong, au ile 365 ya Lake Turkana Wind Power katika Kaunti ya Marsabit, yenye megawati 310 na iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Hiyo husimama juu sana, mahali palipopimwa upepo kwanza. Paa la nyumba mtaani ni jambo jingine: majengo na miti huuvuruga upepo, na mtambo hufaa uwe mita kumi hivi juu ya vizuizi vya karibu. Anayeishi kwenye ukingo ulio wazi huko Marsabit ana sababu ya kupima kasi ya upepo kwa mwaka mmoja kabla ya kuamua.

Hata hivyo, sola nayo ina mtego wake. Yuniti huokoa fedha pale tu inapotumika. Kinyozi au mwenye friji ya kuuzia maziwa huitumia mchana kutwa. Familia inayoondoka alfajiri na kurejea jioni huhitaji betri, na zile za asidi aghalabu huchakaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, hivyo kurefusha muda wa kurejesha fedha. Kabla ya kumwita fundi, inafaa kusoma mita asubuhi na jioni kwa juma zima ili kujua ni yuniti ngapi hutumika jua likiwa angani.