Mwalimu wa Tuisheni na Tarakilishi: Nani Hufunza Vyema?

Kila programu mpya ya masomo inapotoka swali huwa lile lile: je, tarakilishi yaweza kufunza kama mwalimu aliyeketi kando ya mwanafunzi mmoja? Swali hilo si la jana.

Mnamo 1970 Jaime Carbonell, wa kampuni ya BBN kule Massachusetts, Marekani, alieleza programu yake SCHOLAR, iliyofunza jiografia ya Amerika Kusini. Programu za awali ziliandikiwa kila swali na kila jibu mapema. SCHOLAR ilipewa maarifa yaliyounganishwa kama wavu, ikatunga maswali yenyewe. Mwanafunzi naye aliweza kuiuliza.

Mwaka wa 1984 Benjamin Bloom akatoa hesabu iliyowashtua wengi. Mwanafunzi wa wastani aliyefunzwa na mwalimu wake binafsi aliwapita takriban 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Kwa lugha ya takwimu, tofauti ya 2. Lakini ni nani atakayemlipia kila mtoto mwalimu wake? (Wazazi wanaolipa tuisheni wananielewa.)

Jibu linalonivutia zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Miaka ya 80 kundi la John Anderson liliunda programu ya kufunza lugha ya LISP. Haikungoja mwanafunzi amalize ndipo imwambie amepata au amekosa. Ndani yake mlikuwa na mamia ya kanuni za namna mtu anavyofikiri anapoandika LISP, pamoja na makosa ya kawaida, nayo ililinganisha kila hatua na kanuni hizo. Ukipotoka, unaambiwa papo hapo.

Mnamo 2011 Kurt VanLehn alikusanya tafiti nyingi na kuzipima upya. Walimu binadamu: 0.79, wala si 2. Programu zinazofuata kila hatua: 0.76. Zinazosahihisha jibu la mwisho tu: 0.31.

Binadamu alishuka vipi hivyo? Michelene Chi na wenzake walikuwa wamewachunguza walimu wakifunza mwanafunzi mmoja mmoja, wakakuta kwamba mara nyingi hudhani mwanafunzi ameelewa kuliko alivyoelewa.

Kwetu sisi waandishi wa programu, shida ni gharama. Kutayarisha saa moja ya somo la aina hii kwa kawaida kulikadiriwa kula saa 200 hadi 300 za kazi. Piga hesabu ya muhula mmoja wa hisabati.