Saa za Dhahabu za Zamani

Sisi tukaao Madimba hatuko mbali na Mikindani, aliposhuka Dk. Livingstone mwezi wa Machi, 1866, pamoja na Susi na Chuma. Hata tarehe 30 Aprili, 1873, huko kwa Chitambo, akiwa hoi kitandani, alimwita Susi amletee saa yake, akamwonyesha namna ya kuishika kiganjani, naye akaitia ufunguo polepole. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kufa.

Kazi ile ya mkono ndiyo iwavutayo wakusanyao saa za kale. Hupenda hasa saa nyembamba za dhahabu za kuvaliwa karamuni, zisizo na mapambo, kama ile Calatrava ya Patek Philippe wa Geneva iliyotokea mwaka 1932. Dhahabu yake ni ya karati 18, yaani sehemu 18 katika 24, maana dhahabu tupu ni laini mno.

Wengi hudhani ni uzito wa dhahabu ufanyao bei. Lakini tarehe 25 Desemba, 1969, Seiko wa Japani walitoa saa ya betri, na watu wakaanza kuziacha zile za ufunguo. Mwezi wa Januari, 1980, wakia moja ya dhahabu ilipofika dola 850, saa nyingi zilivuliwa maganda yakayeyushwa. Kwa maoni yetu, ulikuwa uharibifu mkubwa. Na uchache wa zilizosalia ndio uliozipandisha.

Tena kuna heshima ya aliyetoa. Pwani yetu katika karne ya 19 ilihesabiwa katika milki ya Masultani wa Unguja, wa ukoo wa Busaidi. Wa ukoo huo huo alikuwa Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala tangu 1970 hata 2020, naye aliwatunukia watu saa zenye alama ya jambia na panga mbili. Alama ile haina uzito wowote, bali wakusanyao huilipia fedha nyingi kuliko dhahabu yenyewe, hata walaghai huichora katika saa zisizo zake.

Basi aliyerithi saa ya babu asikimbilie kwa sonara kuisugua ing'ae, kabla haijatazamwa na fundi wa saa. Ikisuguliwa mara mbili tatu, mihuri ya karati hufutika, na kingo zake hulika.