Episodi za maneno tupu? Hamjakaa kumuse

Wasee, kila nikiposti kuhusu Bakemonogatari, ile anime ya 2009 ya mizuka ambayo watu wanaongea tu, lazima msee wa Kitale aniulize: "Sasa vita iko wapi?"

Sikilizeni. Babu yangu alipozikwa huko Bungoma, kulikuwa na kumuse. Kama wewe si Mbukusu: mzee msemaji anashika fimbo, anatembea mbele ya watu akiongea masaa, na nyinyi mnakaa tuli. Alianza na ukoo, akaingia Chetambe, kilima cha karibu na Webuye ambako Waingereza waliivunja ngome yetu 1895. Halafu Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, jamaa aliyewahi kuchezea Kenya mpira. Halafu Malakisi, 1948, polisi walipowapiga risasi wafuasi wake, 11 wakafa.

Hapo mimi nilikuwa nimeboeka. Nikazima kamera, nikaenda kutafuta chaji.

Yule mzee naye ameshatuacha. Juzi nimefungua ile video: inakatika pale anapoanza kutaja watu wa ukoo wetu waliokuwa Malakisi. Tarehe nimezipata kwa vitabu. Hayo majina sijayapata popote.

Vita huisha haraka, wasee. Kinachoibeba miaka yote ni mtu kuongea, na mwingine kukaa.

Kwa hivyo episodi siruki tena. Na Disemba hii mkiitwa kumuse, endeni na simu imejaa chaji.